Mwiba wa Msibani

Hakuna kitalu cha miche kinachokishinda hiki katika mji mzima, na anayebisha alete chake tulinganishe. Haya, ukweli usemwe: vitalu vilikuwa viwili tu, na kile kingine kilifungwa mwaka juzi mwenye nacho alipohamia kwa mwanawe.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anasafisha koo, mwanamke mmoja mfupi anapita katikati ya viriba vya plastiki vilivyojazwa udongo. Ameinama kama mtu aliyedondosha sindano. Ndala moja ni ya bluu, nyingine ya kijani, na ukizitazama vizuri zote ni za mguu wa kulia. Mkononi ana mkasi wa kupogolea.

Anasimama mbele ya kopo kuukuu la rangi ambamo umeota mwaridi. Maua yake ni meupe yenye milia myekundu, kama mtu ameyapitishia brashi akiwa na haraka zake. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Anavuta tawi moja la chini, lenye tumba jekundu tupu lisilo na hata mstari mweupe, analikata, kwaa, na kulisokomeza kwenye mfuko wa aproni. Lundo la takataka liko karibu tu, lakini tawi hilo haliendi huko.

"Ugonjwa huo," anasema anapogundua kwamba ameonekana. "Mwaridi ukitoa tumba jekundu namna hii, ujue unaumwa."

Hauumwi. Ni mzima kuliko yeye anayelalamikia mgongo. Lakini hilo lisubiri zamu yake.

Mtaani wanamwita Mama Pingili. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika kiasi kwamba akiitwa kwa jina hilo zahanati, hugeuka kumtafuta anayeitwa. Pingili ni vile vipande vifupi vya shina au tawi vyenye macho ya kuchipukia, ambavyo yeye huvikata, huvichomeka udongoni na kuvingoja vitoe mizizi. Ndiyo kazi yake tangu ujana. Mbegu hagusi, labda za mchicha.

"Watu wanadhani mmea ni lazima uanzie kwenye mbegu," anasema huku akichovya ncha ya kijiti kwenye utomvu wa shubiri. "Mbegu ni ya wenye subira na wapenda kamari. Ukipanda mbegu unapata mtoto, na mtoto anaweza kufanana na baba, au na shangazi, au asifanane na mtu mkabaki mnatazamana. Ukipanda pingili hupati mtoto. Unapata yeye yule yule, ila amesimama mahali pengine."

Anaonyesha kwa mkasi kama mwenye nyumba anayemtembeza mgeni. Migomba ile, hakuna hata mmoja uliotokana na mbegu. Imechipuka ubavuni mwa mama yao, ikang'olewa na kuhamishwa. Muhogo ule ni fimbo iliyokatwakatwa. Viazi vile vimetambaa vyenyewe, kila vinapogusa udongo vinatoa mizizi kama mgeni anayeshusha mizigo kabla hajakaribishwa.

Kisha anaonyesha mmea mmoja wa majani mazito. Jani lake limeanguka chini, na pembezoni mwa jani hilo vimejipanga vijimche vidogo, kila kimoja na mizizi yake.

"Huu hata mimi unanitia haya," anasema. "Unazaa kwa kuanguka tu."

Muda huo anaingia mumewe, akitoka lindoni. Ni mlinzi wa ghala, na majirani wanamwita Komandoo kwa sababu katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kukamata mtu hata mmoja. Anaweka rungu lake chini, anapiga miayo, na kuinamia mche wa pilipili uliojaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaonyonya maji ya majani.

"Hawa jana walikuwa watatu," anasema.

"Wote ni majike hao." Mama Pingili humweleza hivyo kila mwaka, naye kila mwaka hushangaa upya. "Humu sijawahi kukuta dume. Jike anazaa jike bila kuonana na mume. Na huyo mdogo anazaliwa tumboni mwake tayari ana mwingine."

"Anazaliwa na mimba?"

"Anazaliwa na mimba."

Komandoo anafikiri. "Sasa dume kazi yake nini?"

"Kulinda ghala."

Kazi hii haina utajiri. Msimu wa mvua Mama Pingili huuza miche kama mia mbili kwa mwezi. Kiangazi kikikaza, thelathini, na hapo kumi kati yake ni ya kubembeleza. Mwaka jana wavu wa kivuli ulichanwa na upepo na nusu ya miche ikaungua kwa jua ndani ya siku moja.

Kilichomwokoa ni lile waridi la milia, ambalo wateja wenyewe wamelibatiza Pundamilia. Halipatikani kwingine. Mche wake mmoja bei yake ni mikate minne, mara mbili ya mche mwingine wowote. Karibu nusu ya kinachopikwa nyumbani kwake, pamoja na ada ya chuo ya binti yake wa mwisho anayesomea ukunga, inatoka kwenye ua hilo. Zunguka mtaani sasa hivi, utaliona likichungulia kwenye uzio wa kinyozi, kwenye ngazi za duka la dawa, hata kwenye beseni bovu mlangoni kwa fundi baiskeli.

Na kila mteja, akishalipia, huuliza lile lile: "Mama, hili umelitoa wapi?"

Naye kwa miaka mitatu alijibu lile lile: "Nililiotesha kwa mbegu."

Hapo ndipo penye mwiba. Jibu hilo, kama angelitoa mtu mwingine, Mama Pingili angecheka mpaka ashikilie ukuta. Waridi la milia kwa mbegu! Ni sawa na kutupa nguo chakavu kisimani ukategemea kuvuta suti.

Ukweli ni kwamba waridi hilo lilikuwa la kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi saa, akiishi ng'ambo ya reli pamoja na mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Uani kwao, karibu na bomba, ulikuwepo mwaridi wa maua mekundu kama mingine yote duniani. Mwaka mmoja tawi moja la mwaridi huo, moja tu, lilitoa ua jeupe lenye milia. Fundi saa alilitazama kwa kile kioo chake cha kubana jichoni, kana kwamba ndani yake mna springi. Akalifunga tawi hilo uzi wa cherehani ya mkewe ili asilipoteze.

"Saa ikikosea naitengeneza," aliwaambia majirani. "Hii imekosea vizuri. Naiacha."

Hakuiacha, bila shaka. Alikata tawi lile na kulichomeka udongoni, akashindwa, akakata jingine. Aliwahi hata kujaribu mbegu zake. Zikaota maua mekundu na moja la rangi ya maziwa yaliyochacha. Pingili ya tatu ikashika. Mwaridi mama ulipozeeka na kung'olewa, ukabaki ule wa milia peke yake, akampa mkewe.

Mama Pingili alipouona, viganja vilimwasha. "Nikatie kijiti kimoja, kaka. Kimoja tu."

"Huu si wa biashara," kaka yake alimjibu akicheka. "Mwenyewe yule pale," akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Ukimshawishi yeye, chukua."

Na wifi yake naye, mdomoni ana pini, akasema, "Atangoja sana."

Ulikuwa utani. Mawifi hawa wawili walikuwa wakitaniana hivyo tangu siku ya harusi. Lakini Mama Pingili, ambaye kila mtu mjini humwomba yeye miche, aliona soni kuomba mara ya pili. Alidhani muda upo.

Haukuwepo. Fundi saa aliugua kwa juma moja tu, akafariki.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa. Mama Pingili alitoka uani kuchota maji ya wageni. Hapo bombani mwaridi ulikuwa umechanua kama usio na habari.

"Nilikuwa nimekwenda kuchota maji," anasimulia, macho yake yakiwa yameganda kwenye ndala zake. "Naapa. Nilikuwa na jagi mkononi. Sijui mkono mwingine ulikuwa unafanya nini."

Mkono mwingine ulikuwa unafanya kazi uliyoizoea. Ulipapasa tawi, ukatafuta kipande chenye macho matatu mazuri, ukavunja kwa ukucha. Kijiti kikikatwa kinataka unyevu, na kitu pekee chenye unyevu alichokuwa nacho kilikuwa leso yake ya kufutia machozi. Akakifunga humo. Akakitia kifuani. Akajaza jagi, akarudi ndani.

Ikawa ndiyo saa ya kuutoa mwili. Mjane aliinuka, akamwangukia wifi yake shingoni na kumkumbatia kwa nguvu zote.

Mwiba ukaingia.

Mama Pingili alipiga ukelele uliosikika hadi relini. "Mshikeni!" wanawake wakaitana. "Mshikeni, ndugu yake huyo!" Wakamshika. Kadiri walivyombana ndivyo mwiba ulivyozidi kuzama, na kadiri ulivyozama ndivyo alivyozidi kupiga kelele, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kumbana. Mmoja akampepea kwa sahani. Bibi mmoja aliyeketi pembeni akatikisa kichwa na kusema, "Dada ndiye huyu. Hawa wengine wa kwetu wamekuja kula."

"Mpaka leo," anadakia Komandoo, ambaye alipokuwa akihadithia hilo mara nyingi kazini kwake alikuwa hajui lolote, "mtu akitaka mfano wa dada anayempenda kaka yake, anatajiwa mke wangu. Alilia siku ile, we acha!"

Mama Pingili anainuka kwenda kuangalia kama bomba limefungwa. Limefungwa. Anasimama huko kwa muda mrefu akiliangalia.

Kijiti kilishika. Alijiambia kikitoa mizizi atakwenda kwa wifi yake amweleze. Kikatoa mizizi. Akajiambia basi kikitoa ua, aende nalo kabisa, iwe faraja. Kikatoa ua. Kabla hajajua atajiambia nini tena, mteja mmoja akasimama mbele ya kopo, akatoa macho na kuuliza limetoka wapi.

"Neno lilitoka lenyewe," anasema. "Mbegu. Nikalisikia kama limesemwa na mtu mwingine."

Uongo ule ulikuwa na tabia za vidukari: ulizaliwa tayari una mimba. Mteja wa pili akataka kununua mbegu zenyewe. Ikabidi ziwe zimekwisha. Wa tatu akauliza zilitoka wapi. Ikabidi ziwe zililetwa kutoka mbali. Na nani? Na rafiki. Rafiki yuko wapi, aagizwe nyingine? Ikabidi awe amekufa. Hivyo kwa asubuhi moja Mama Pingili alimzaa mtu na kumuua, na mteja akampa pole, naye akaipokea.

Lakini jambo moja hakuliweza. Hakuweza kuvuka reli.

Kila alipojiandaa kwenda kumjulia hali mjane, kifua kilimchoma pale pale mwiba ulipopita. Mara mgongo, mara mvua, mara wateja. Wifi yake akatuma salamu: "Wifi, umenisusa?" Akajibu anakuja kesho. Miaka mitatu ikapita juu ya kesho hiyo. Wifi alipoumwa malaria, Mama Pingili alimtuma binti yake na mkungu wa ndizi, yeye akabaki nyumbani akijitukana.

Kisha mwaridi nao ukaanza kumsaliti. Ule wa kwanza kabisa, uliokuwa kwenye kopo la rangi kama hili la leo, ulianza kutoa matawi mekundu tupu.

"Mmea uliobadilika hivyo una tabia ya kurudi ulikotoka," anaeleza kwa sauti ya chini. "Tawi moja moja linakumbuka lilikuwa nani. Ndivyo ilivyokuwa hata uani kwa kaka. Kila mara alilazimika kuyapogoa mekundu."

Anayeijua nyumba ile akiona shina moja lina milia huku na nyekundu kule, hahitaji kuambiwa kitu. Ndiyo maana Mama Pingili alianza kuamka alfajiri na mkasi, na mazoea hayo hayajamtoka mpaka leo. Ndiyo maana matawi hayo hayaendi kwenye lundo la takataka, bali jikoni, chini ya sufuria.

Mwezi uliopita, asubuhi ya jua kali, sauti ilisikika nyuma yake. "Hodi kitaluni!"

Nusura Mama Pingili ajimwagilie miguu. Wifi yake alikuwa amesimama kati ya migomba, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni kama stetoskopu ya daktari.

"Wifi! Karibu, wifi yangu! Yaani nilikuwa nakuja kwako. Kesho hivi."

"Kesho ipi? Ile ya mwaka juzi?"

"Mgongo, wifi."

"Mgongo unaobeba makopo yote haya hauwezi kuvuka reli?"

Mama Pingili alicheka peke yake. Wifi alikuwa ameshageuka, akitembea polepole kando ya mstari wa mawaridi ya milia, mche baada ya mche, akigusa kila ua kwa kidole kama anayehesabu watoto wakati wa kulala.

"Maua mazuri," alisema.

"Ya kawaida tu."

"Umeyatoa wapi?"

Hapo palikuwa pahala pa kusema. Hata Komandoo aliyelala barazani aliacha kukoroma. Mama Pingili alifungua mdomo.

"Mbegu," alisema.

"Mbegu." Wifi alilirudia neno taratibu, kama anayeonja chumvi. "Waridi la milia, kwa mbegu. Mkono wako una baraka." Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Basi nimekuja kununua moja. Langu limekufa."

"Lipi?"

"La marehemu. Lile la bombani. Limekauka mpaka shina. Nimemwagilia, nimeombea, wapi."

Mama Pingili alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndoo ilikuwa na tope, hakujali.

"Ungekuja kunipandia mwenyewe, pale pale lilipokuwa, ningeshukuru," wifi aliendelea. "Mkono wangu unajua nguo tu."

"Nitakuletea Jumamosi."

"Ya mwaka huu?"

"Ya juma hili, wifi."

Baada ya hapo Mama Pingili hakula vizuri. Angeweza kuchukua mche wowote mdogo, akaupanda, akanywa chai na kurudi. Ungekuwa ua lile lile, na wifi asingejua. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Ua lile lile! Kaka yake ameota kwenye uzio wa kinyozi, ameota kwa fundi baiskeli, ameuzwa kwa mikate minne minne, na pahala pekee alipokauka ni nyumbani kwake.

Jumamosi asubuhi Komandoo alipotoka lindoni alimkuta mkewe amekaa mbele ya kopo la rangi. Akamweleza yote, kuanzia jagi la maji. Komandoo alisikiliza bila kukaa.

"Kwa hiyo siku ile," aliuliza mwishoni, "ulikuwa unalilia mwiba?"

"Mwanzoni."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikalia kweli. Lakini nani atatenganisha?"

Mzee wa watu alikuna kichwa. "Nami nilivyokusifia kazini..." Alikwenda kuleta toroli, wakalipakia kopo zito, si mche mdogo, bali mwaridi wenyewe wa kwanza.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwaridi ulikuwa umetoa tena tumba jekundu. Mama Pingili aliliona wakiwa mlangoni. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkasi. Safari hii akaurudisha mfukoni, na tawi likasafiri hivyo hivyo, jekundu, juu ya toroli, mbele ya macho ya watu wote hadi ng'ambo ya reli.

Wifi aliwapokea chumba cha mbele, kati ya rundo la sare za shule zisizo na mikono. Alitaka kopo liachwe hapo hapo kizingitini. Alilitazama. Alilitazama lile tumba jekundu. Alivuta kiti na kuendelea kubana pindo, pini mdomoni.

Mama Pingili hakukaa. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, yote yakamtoka. "Wifi, halikutoka kwenye mbegu."

Wifi alitoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa.

"Nililivunja kwako. Siku ya msiba. Kwa ukucha. Nikalificha hapa," akajigusa kifua, "ndani ya leso ya machozi. Nimeliuza mji mzima. Nimewaambia watu uongo mpaka nimeua mtu asiyekuwepo. Sikuja kukuona kwa sababu ya hilo. Si mgongo. Mgongo ni mzima."

Wifi alitoa pini ya pili, ya tatu, ya mwisho.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Wifi, aliyekukumbatia siku ile ni nani? Mwiba ule na mimi ulinichoma. Nikadhani umejifunga pini vibaya. Jioni nikaenda bombani, nikakuta tawi limevunjwa kwa ukucha, bado linatoa maji. Ukucha wako naujua. Unavunja kwa mshazari."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uje uniambie. Kumbe ndiyo umeacha kuja." Sauti yake ilipungua. "Ungeomba ningekupa, hata na mzizi wake. Ile 'atangoja sana' ulikuwa mzaha, wifi. Mimi nilizika mmoja, nikapoteza wawili. Natembea mjini nakutana na mume wangu kwenye kila uzio, na dada yake simwoni."

Mama Pingili alilia, na safari hii hakuna aliyekuwa amemchoma. Komandoo, ambaye hajui akae wapi watu wakilia, alichukua jembe na kuingia jikoni, angoje wamalize kulia ndipo atoke uani kuchimba shimo.

Walipotulia walianza kupanga. Wifi anataka meza ya miche barazani kwake, maana wateja wa nguo hupenda kutazama kitu wakisubiri kupimwa. Mama Pingili anataka kuanzia sasa kila anayeuliza aambiwe ukweli: ni waridi la kaka yangu, fundi saa, nami nililiiba.

"Hilo neno la mwisho punguza," wifi alisema. "Litaharibu biashara yetu."

"Haya, ngoja nikalipande kabla jua halijakaza."

Wifi aliinuka kwa kasi, sare mbili zikaanguka. "Kaa kwanza unywe chai!"

"Nitakunywa nikimaliza."

"Udongo wa kule ni mkavu sana leo. Mgumu. Jembe haliingii."

"Si nimekuja na mtu wa jembe?"

"Na pana matope. Utateleza."

"Ni pakavu au pana matope?"

Kabla hajajibu, sauti ya Komandoo ilitoka uani, sauti ambayo ghala lake halijawahi kuisikia. "Mama! Mama, njoo! Nimekamata!"

Mama Pingili alipita jikoni, wifi yake nyuma akimvuta kanga. Komandoo alikuwa amesimama kando ya bomba, jembe begani, hajachimba hata donge. Ukutani, kutoka chini hadi juu ya uzio, mwaridi ulikuwa umetanda, maua meupe yenye milia yasiyo na idadi. Majani yalikuwa bado yanadondosha maji ya kumwagiliwa asubuhi ile, na ndoo ya kumwagilia ilikuwa imefichwa nyuma ya pipa, nusu ikionekana.

Mama Pingili aligeuka taratibu. "Wifi. Si ulisema limekauka mpaka shina?"

Wifi alitazama ukuta. Akatazama mbingu. Akaushika utepe wake wa kupimia, akaukunja, akaukunjua.

"Hili?" alisema. "Hili ni jingine, wifi. Nililiotesha kwa mbegu."